Nilisema Amesahau

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamweleza mke wangu wala ndugu yangu yeyote, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa ukinihukumu mapema sitakulaumu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu siku nyingi na bado sijafanya lolote.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja na kazi yangu ni ya kompyuta, lakini si ile ya kufufua simu zilizoingia maji kama majirani zangu wanavyodhani. Kampuni yetu inatengeneza vifaa vya hospitali, na kila kifaa kina kompyuta ndogo ndani yake, na kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, na moyoni mwa mfumo huo kuna sehemu tunayoiita kiini. Kitu chochote unachokiunganisha hapo, iwe kioo, pampu au kipima joto, kinahitaji kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachokaa ndani ya kiini na kufanya kazi ya ukalimani kati ya kompyuta na hicho kitu. Sasa programu ya kawaida ikikosea inajifunga yenyewe na maisha yanaendelea, lakini kiendeshi kikikosea kimo ndani ya kiini, na kiini hakina mwingine wa kumuuliza, kinaamini kilichoambiwa na mkalimani wake, na kila kilicho juu yake kinaamini hivyo hivyo. Ndiyo sababu hauingii mstari hata mmoja pale ndani kabla mtu wa pili hajausoma na kuandika jina lake chini kwamba ameuhakiki. Huyo mtu wa pili, kwa miaka tisa sasa, ni mimi.

Ofisini wananiita Jicho. Sikujipa jina hilo lakini sikulikataa pia, na nikiwa mkweli lilikuwa linanipendeza. Vijana wapya nilikuwa nawaambia, usianze kusoma njia ya heri, anza na njia ya shari, yaani usiulize kwanza kutatokea nini kifaa kikijibu vizuri, uliza kutatokea nini kisipojibu kabisa. Walikuwa wanayaandika maneno yangu kwenye madaftari yao.

Mmoja wao alikuwa dada mmoja ambaye meza yake ilikuwa ubavuni mwa yangu, karibu na dirisha. Siku hizi anaitwa Mama Pacha, kwa kuwa alijifungua mapacha mwaka jana na akarudi kazini watoto wakiwa na miezi mitano. Ananiita kaka ingawa hatuna udugu, na mimi ndiye niliyempokea siku yake ya kwanza nikamfundisha kazi. Ni hodari, Mshauri, kwa umri wake ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Aliporudi alipewa aandike kiendeshi cha kipima joto kipya kwa ajili ya visanduku vya kulazia watoto njiti. Kisanduku kile kila sekunde kinakiuliza kipima joto, mtoto ana joto kiasi gani, na jibu likiwa chini kinaongeza moto, likiwa juu kinapunguza. Alimaliza kazi yake kwa wakati, mistari mia sita na arobaini, akaniletea niihakiki, na juu yake akaandika ujumbe ambao naujua kwa moyo: "Kaka, naomba uangalie sana pale kipima joto kisipojibu. Sina uhakika na nilichofanya."

Aliniomba, Mshauri. Alininyooshea kidole mahali penyewe.

Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye ubishi wa maandishi na mhakiki mwenzangu wa tawi jingine, tunabishana kama majina fulani ndani ya programu yaandikwe kwa herufi ndogo au kubwa, na watu kama thelathini walikuwa wanasoma majibu yetu, na mimi nilitaka kushinda. Nilikuwa nimeuma meno tangu asubuhi. Saa saba na dakika kumi nikaifungua kazi ya Mama Pacha, nikaitelezesha kwa kidole kutoka juu hadi chini, nikaona imepangwa vizuri, nikajisemea huyu namwamini, nikaandika jina langu. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na nne. Kisha nikarudi kwenye ubishi wangu, na niliushinda.

Wiki saba baadaye, katika wodi ya watoto njiti ya hospitali moja inayotumia vifaa vyetu, waya wa kipima joto ulilegea. Kipima joto kikawa hakijibu. Kiendeshi kilitakiwa kupiga kelele kwamba hakuna jibu, kisanduku kizime moto na king'ora kilie. Badala yake kilikuwa kinarudisha namba ya mwisho kiliyoikumbuka, na namba hiyo ilikuwa chini kidogo ya kiwango, kwa hiyo kisanduku kikaendelea kuongeza moto kidogo kidogo huku kioo kikionyesha kwamba kila kitu ni shwari. Aliyemwokoa yule mtoto ni muuguzi mmoja aliyepita kubadilisha nepi, akaingiza mkono, akamtoa mtoto papo hapo. Mtoto alipona, siku tano baadaye akatoka wodini, na visanduku vyote thelathini na kimoja vikaondolewa kazini hadi virekebishwe. Lakini muuguzi aliandika barua, nayo ikasomwa kikaoni kwetu, na kuna sehemu aliandika hivi: "Kioo kilisema mtoto yuko salama. Mkono wangu ukakataa."

Katika kikao hicho tulikuwa watu watano, meneja wetu, wawili wa kitengo cha ubora, Mama Pacha na mimi. Meneja ni mama mtulivu ambaye hapandishi sauti. Alisoma ule ujumbe wa Mama Pacha, akaniangalia, akasema, "Jicho, alikuuliza. Ulimjibu nini?"

Mshauri, hapo ndipo maneno yaliponitoka. Nilisema nilimjibu. Nikasema nilimjibu kwa mdomo, pale pale mezani, nikamwambia arudishe kosa na si namba ya zamani, nikaweka jina langu nikijua angerekebisha kabla ya kuituma, na nadhani baada ya hapo alisahau. Nikaongeza, na hili ndilo linalonichoma zaidi, nikaongeza kwa sauti ya huruma kwamba tusimlaumu sana, ana watoto wachanga wawili, usiku halali.

Sikuwahi kumwambia neno lolote. Sikujua hata kama pale alipouliza palikuwa na kosa, kwa sababu sikupasoma.

Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimeshajiandaa akibisha nitasema nini. Hakubisha. Aliniangalia, akakunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani, halafu akasema polepole, "Labda uliniambia, kaka. Siku zile nilikuwa sijielewi." Wakaandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi nikapongezwa kwa kuwa muungwana.

Walimtoa kwenye kazi ya kiini wakamhamishia ghorofa ya chini, anapokea simu za wateja na kuandika vijitabu vya maelekezo. Nilijidanganya kwamba ni afadhali, kazi nyepesi, anawahi kurudi kwa watoto. Ningeendelea kujidanganya hivyo kama Jumatano iliyopita tusingekutana kwenye chumba cha chai. Alikuwa na daftari dogo mkononi, nikamtania kwamba siku hizi umekuwa mwandishi, naye akanifungulia nione. Ameandika humo saa aliyozima jiko. Ameandika mtoto yupi amenyonya na titi gani. Ameandika "mlango nimefunga", na chini yake "nimeangalia tena, umefungwa". Akaniambia tangu kile kikao amekwenda kwa daktari mara mbili kuhusu kusahau kwake, daktari haoni kitu lakini yeye anajua, na mama yake mzazi ameacha nyumba yake amekuja kukaa nao, maana yeye Mama Pacha haoni kama ni salama aachwe na watoto peke yake. Na barua ya kuacha kazi ameshaiandika, ataitoa mwisho wa mwezi.

Akasema, "Kaka, kama niliweza kusahau jambo kama lile, mtoto wa mtu akataka kuungua, kesho nitasahau nini?"

Halafu akanishukuru. Alinishukuru kwa kutomfokea siku ile.

Nilirudi mezani kwangu nikashindwa kukaa. Tangu hapo chakula hakipiti, mke wangu anadhani ni vidonda vya tumbo amenichemshia dawa. Nimefikiria nimwendee meneja nimwombe amrudishe Mama Pacha kwenye kiini bila kueleza sababu, nimefikiria nimwandikie Mama Pacha mwenyewe barua isiyo na jina kumwambia hakusahau kitu, nimefikiria nimwache aende nimtafutie kazi kwingine nzuri zaidi ili nilipe kwa njia hiyo. Nikisema ukweli nitapoteza kazi, na jina, na hao vijana wenye madaftari wataniangaliaje. Nisiposema, nadhani nitakuwa mtu ambaye simjui. Nifanye nini?

Ni mimi, ninayeona haya hata kuandika jina la utani.

*

Kaka Jicho,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina lenyewe umeshaliandika mwenyewe, na kwa sababu ulilipenda. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Nianze na lile ninaloweza kukusamehe. Kazi ya watu umeipitisha bila kuisoma ukiwa kwenye ubishi wa herufi ndogo na kubwa. Huo ni uzembe na majivuno, na nusura ugharimu uhai wa kichanga. Lakini uzembe una dawa yake, na watu waangalifu kuliko wewe wameuangukia. Kama barua yako ingeishia pale, ningekukemea kidogo nikakupa maji unywe.

Haikuishia pale. Umeandika kwamba kikaoni "maneno yalinitoka". Maneno si kamasi, kaka. Hayamtoki mtu mzima mbele ya watu wanne, yakajipanga, yakavaa sauti ya huruma na kumtaja mama kwamba usiku halali. Uliyachagua. Na hukumsingizia uvivu wala ujinga, maana hayo angeyakana. Ulimsingizia kusahau, jambo ambalo mtu hana namna ya kulikana, kwa sababu akisema sikumbuki, ndiyo ushahidi wenyewe. Ulimnyang'anya akili yake, na yeye akakushukuru.

Sasa mama anaogopa watoto wake mwenyewe. Daktari anatafuta ugonjwa ambao haupo. Bibi wa watu amefunga nyumba yake. Hayo yote ni kwa sababu ya sentensi yako moja, na kila siku unayokaa kimya unaisema upya.

Hizo njia zako tatu zitupe. Kumrudisha kazini bila sababu kutamfanya aogope zaidi, maana ataketi kwenye kiini akiamini kwamba kichwa chake hakifai, tena na watoto njiti mwishoni mwa waya. Barua isiyo na jina itamfanya aanze kumshuku kila mtu, na mtu anayedhani anapoteza akili hahitaji barua za mizimu. Na kumtafutia kazi kwingine ni kumfukuza kwa upole. Zote tatu zimetengenezwa kukulinda wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe maradhi yako umeyaficha kwenye mwili wa mwenzako.

Kwa hiyo sikiliza. Leo, si mwisho wa mwezi, utakwenda nyumbani kwake kukiwa bado mchana. Usimwite chumba cha chai. Nenda mume wake akiwepo, na mama yake, kwa sababu na wao waliuamini uongo wako. Utasema maneno machache: sikusoma kazi yako, sikukwambia kitu, nilidanganya kikaoni. Usianze na ubishi wako wa herufi, usianze na jinsi ulivyochoka. Usilie. Ukilia atakubembeleza, namwona alivyo, na hukwenda pale kubembelezwa. Na usiombe msamaha siku hiyo. Msamaha ukiombwa papo hapo unageuka kazi nyingine ya yeye kukufanyia.

Ukitoka hapo, kesho yake asubuhi, kabla ya chai, kwa meneja. Kwa maandishi. Uambatanishe ile kumbukumbu ya saa saba na dakika kumi hadi kumi na nne, ambayo nina hakika mfumo wenu unaitunza na hakuna aliyeiangalia kwa kuwa wewe ni Jicho. Omba kumbukumbu za kikao zisahihishwe na zisomwe upya mbele ya wale wale waliokuwepo. Uongo ulisemwa kikaoni, ukweli hauwezi kunong'onwa mlangoni.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo limeninyima raha kuliko yote. Ni viendeshi vingapi vingine ulivipitisha kwa dakika nne? Umesema miaka tisa. Mimi sijui kusoma hayo maandishi yenu, lakini najua pampu ya dawa ni nini, na najua mgonjwa aliyelala hawezi kuingiza mkono kuthibitisha. Andika orodha ya kila ulichoweka jina bila kusoma. Usimwachie mtu mwingine akuvumbulie.

Unaogopa vijana watakuangaliaje. Watakuangalia kama mtu aliyedanganya kisha akasema. Ni aibu, ndiyo, na utaivaa kwa muda mrefu, lakini aibu hiyo ni yako na inakutosha. Hii unayoivaa sasa umemvalisha mwenzako. Kazi ukiipoteza, utakuwa umepoteza kazi. Mke wako mwambie kabla hujatoka nyumbani, aache kuchemsha dawa.

Nimekupigia simu kwenye namba uliyoacha nikakusomea haya, ili usisubiri gazeti. Unayajua yote haya. Nenda.

Mshauri wako

*

Barua hiyo, pamoja na jibu langu, niliizuia kwa wiki tatu nisije nikamfikishia Mama Pacha habari gazetini kabla ya Jicho mwenyewe kumfikia. Juzi Jicho ameniandikia tena. Naichapa kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya Mama Pacha, ambaye alituma neno moja tu, "Ichapwe."

*

Mshauri, nilikwenda siku ile ile uliyonipigia. Mke wangu nilimwambia kwanza, akanitolea shati safi.

Kwa Mama Pacha nilikaribishwa vizuri, na hilo lilikuwa baya. Mama yake alikuwa anakunja nguo za watoto kwenye kochi, akanisogezea kiti akaniambia binti yake ananisifu sana. Mume wake alikuwa amempakata mtoto mmoja. Nikayasema kama ulivyoniambia, maneno machache, nikiwa nimesimama.

Mama Pacha aliniuliza, "Hukuniambia?"

Nikasema sikukwambia.

"Hata kwa kupita tu? Hata ukiwa unaondoka?"

Nikasema hata kwa kupita.

Hakunitukana. Nadhani aliacha kuniona kabisa. Alimgeukia mama yake akasema, "Mama, sikusahau." Alirudia tena, taratibu, kama anayejaribu kiatu, "Sikusahau." Mama yake akaziweka nguo chini akaniambia baba, ondoka sasa, na mume wake akanifungulia mlango.

Meneja alisoma karatasi yangu mbele yangu. Kikao kiliitishwa upya na wale wale, nikasema. Sikufukuzwa, ila jina langu limeondolewa kwenye wahakiki na sijui kama litarudi, na kazi yangu sasa inahakikiwa na wengine kama ya mtu aliyeanza jana. Orodha niliyoiandika ilikuwa na viendeshi kumi na kimoja. Walipovisoma upya walikuta kimoja, cha pampu, chenye kosa la aina ile ile. Kilikuwa bado hakijapelekwa hospitali.

Mama Pacha amerudi kwenye kiini. Orodha hiyo ni yeye aliyeombwa kuisimamia, na alikubali kwa sharti kwamba meza yake isiwe karibu na yangu. Tunasalimiana kikazi. Msamaha sijauomba, na hajautoa.

Daftari bado analo, nimeliona, lakini nasikia daktari amemwambia hana haja ya kurudi tena kwake. Na Jumatatu mama yake alipanga mizigo yake akarudi nyumbani kwake. Mama Pacha alikuwa na likizo siku hiyo. Alibaki na watoto wote wawili, peke yake, mpaka mume wake aliporudi jioni.